Saa za Todosia Hotico

"Yaondoe hayo ya mwisho," baba alimwambia mama, akiyaelekezea kidole maharage yaliyopangwa mezani, "hizo si saa za kazi, hizo ni usiku."

"Kwani usiku hauna saa?" mama akamjibu. "Huko kazini kwenu Ujerumani usiku una nini?"

"Usiku mtu analala. Wewe unalipwa kulala, Todosia, katika ukoo huu mzima hakuna mwingine aliyewahi kupata bahati hiyo."

"Basi nenda ukalale wewe. Nitakuachia yule bibi wa Austria, umgeuze, umbadilishe nepi, umwambie tena na tena kwamba mumewe hajachelewa kurudi, amekufa, halafu asubuhi uniambie umelala vizuri."

"Mimi nabeba saruji saa kumi kwa siku."

"Nimekuwekea. Kumi hayo hapo, meupe, sijakuibia hata moja."

"Mkimaliza kugawana hizo saa," bibi Palaga, mama yake baba, akasema kutoka kwenye benchi lake, "mnirudishie maharage yangu, leo Ijumaa, siku ya mfungo, na sina kingine cha kupika."

Padre wetu, bibi yangu, baba yangu, shangazi Lenuța, ndugu, majirani na ninyi nyote mliosimama uwanjani kwetu katika tope hili, ugomvi huo ulikuwa jikoni kwetu tarehe 10 Januari mwaka huu wa 2025, na nimeanza nao, ingawa historia ya marehemu huanza na kuzaliwa, kwa sababu ndiyo mara ya mwisho nilipomsikia mama akicheka, alicheka mpaka akakosa pumzi na akashika ukingo wa meza, na sisi tukadhani ni kicheko tu. Kwa desturi yetu maneno ya kumuaga marehemu husomwa na kiongozi wa waimbaji wa kanisa, lakini kiongozi wetu yuko Ujerumani tangu Januari akipanga mizigo ghalani, baba alisema hawezi, shangazi alisema hana miwani, nikabaki mimi Denisa, mtoto wa kwanza wa marehemu, niliyeishia darasa la tisa. Sauti yangu ikitetemeka mnivumilie, si kwa ajili ya baridi peke yake.

Marehemu Todosia Hotico alizaliwa tarehe 14 Machi 1978 katika kijiji hiki cha Valea Rece, mkoa wa Maramureș, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Ion Țiplea, aliyekuwa mlinzi wa msitu, na mama Ana, ambao wote wawili wamelala huko tunakompeleka. Alisoma shule ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1985 hadi mwaka 1993, akamaliza miaka minane, kisha akaenda shule ya ufundi wa kushona mjini Sighet, akahitimu Juni 1996, na cheti chake kiko ukutani chumbani hadi leo, chini ya picha ya Mama wa Mungu, kwa sababu alisema hao wawili wanaweza kutazamana.

Mwezi Septemba mwaka huohuo aliajiriwa katika kiwanda cha nguo pale Sighet, akashona mikono ya makoti kwa karibu miaka saba, na alikuwa akitusimulia kwamba mafundi mitambo, ambao walikuwa wanaume, na washonaji, ambao walikuwa wanawake, waliingia kwa kengele moja na kutoka kwa kengele moja, wakapanda basi moja kurudi kijijini, na hapo kituoni wanaume waliteremka wakasimama mbele ya baa wakisema wamechoka, na wanawake wakateremka upande mwingine wakakimbilia ng'ombe. Wakati huo hakuwa bado anapanga maharage, alikuwa anaona tu.

Tarehe 9 Novemba 2002 alifunga ndoa na baba yangu, Toader Hotico, fundi uashi, katika kanisa letu la mbao, harusi ikakaa siku tatu, na wazee wanakumbuka kwamba bwana harusi alicheza mpaka akapasua kiatu. Miezi sita baadaye kiwanda kilifungwa. Mama alikuwa na miaka ishirini na mitano, na kama wanawake wengi wa bonde hili, alifungasha mkoba mmoja akaondoka.

Kuanzia Septemba 2003 hadi Agosti 2006 alifanya kazi za ndani katika mji wa Padova, Italia, kwa familia moja ambayo mume na mke wote walikuwa wafanyakazi wa benki, na huko ndiko desturi ya maharage ilikoanzia. Alituambia kwamba mume alirudi mchana, akala, akalala kidogo, akarudi kazini, jioni akala tena, na mke naye alirudi saa zilezile lakini hakuketi, na mama alijiuliza saa za yule mke zimekwenda wapi, maana tangu yeye Todosia aajiriwe mke aliweza angalau kuoga kwa utulivu. Ndipo akachukua maharage kwenye kopo la jikoni, meupe yakawa saa za mwanamume, ya madoadoa yakawa saa za mwanamke, akayapanga mistari miwili, na akaona kwamba saa za mama yule hazikuisha, zilihama, zilikuja kwake, na zake yeye zilikuwa zimebaki Valea Rece kwa bibi Palaga, ambaye alikuwa akikamua ng'ombe wa nyumba mbili. Maharage meupe hayakusogea popote. Hilo alilisema bila hasira, kama mtu anayesema mvua imenyesha.

Tarehe 30 Machi 2007 nilizaliwa mimi. Tarehe 17 Mei 2015 alizaliwa mdogo wangu Rareș, ambaye ameshika mshumaa pale kwenye kichwa cha jeneza na amekataa kuketi. Kati yetu sisi wawili mama alikuwa Uswidi, halafu Uholanzi.

Uswidi alikwenda Mei 2010 hadi Oktoba 2012, akisafisha nyumba za watu karibu na mji wa Uppsala, na siku ya kwanza alifika kwenye nyumba moja, ilikuwa Jumanne asubuhi, akafunguliwa mlango na mwanamume kijana aliyebeba mtoto mchanga, sufuria iko motoni, akadhani mke amefariki, akamshika mkono yule baba kwa mikono yake miwili akampa pole, na yule baba, ambaye hakuelewa neno, akamshukuru. Jioni mke akarudi na gari akitoka kazini, mama akajificha chooni kwa aibu. Alipofika nyumbani alitupangia mistari ya nyumba ile, na ilikuwa karibu sawa, meupe na madoadoa, bibi Palaga akasema, "Huo ni uongo au ni peponi," na mama akasema, "Ngoja, bado sijajiweka mimi," akaweka saa zake za kusafisha nyumba ileile upande wa madoadoa, na mstari ukapita ukingo wa meza, punje moja ikaanguka chini, na mimi nilikuwa na miaka mitano nikaiokota nikaila.

Uholanzi alikuwa Machi 2013 hadi Agosti 2014, kwenye mabanda ya vioo ya nyanya, na huko saa sita mchana aliona wanawake wenyeji wote wanavaa makoti na kuondoka, akadhani wamefukuzwa kazi, akawakumbatia mmoja mmoja akiwaaga, na kesho yake asubuhi wote walikuwa wamerudi wakamcheka mpaka mapumziko. Wao walifanya nusu siku, waume zao siku nzima, na waliotoka kwetu, mwanamume na mwanamke, walibaki mpaka taa za banda zizimwe. Mama alisema nchi ile ilimpa shida kuipanga, kwa sababu ilimlazimu kuweka meza mbili.

Kuanzia tarehe 11 Februari 2017 hadi Jumamosi iliyopita alikuwa mtunzaji wa wazee Austria, akiishi nyumbani kwa bibi Hedwig, katika kijiji kisicho mbali na mto Danube, wiki nne huko na wiki nne hapa, akipokezana na Saveta wa kijiji cha Strâmtura, ambaye hayupo kati yetu leo kwa sababu yuko huko kwenye zamu na bibi Hedwig hawezi kuachwa peke yake. Karibu kila nyumba iliyowakilishwa hapa ina mtu wa zamu, kwa hiyo mnajua, lakini nitasema kwa ajili ya Rareș akikua: anayetoka na anayeingia hawaketi pamoja, husimama mlangoni, mkoba mmoja nje na mwingine ndani, gari linanguruma, na anayetoka humwambia anayeingia dawa ni zipi, choo kikoje, usiku ukoje, na maneno yaliyosemwa pale mlangoni ndiyo yanayoshikwa. Ukisahau kitu ukapiga simu baadaye, hiyo ni habari tu, haina nguvu. Likitokea tatizo, mratibu wa zamu huuliza swali moja, ulisemaje mlangoni, na mratibu wetu, shangazi Lenuța, dada wa baba, ambaye mwenyewe alifanya zamu mpaka magoti yakamkatalia, ndiye aliyemfundisha mama sheria hiyo.

Kila mwaka tarehe 8 Machi, sikukuu ya wanawake, redio husoma saa za kazi za wanaume na za wanawake katika nchi za Ulaya, nchi hii wanaume hivi wanawake vile, nchi ile hivi, na mama, akiwa nyumbani, alizima bomba la maji asikie vizuri, halafu aliuliza, "Mimi nimo kwenye mstari wa nchi gani?" Masika ya mwaka 2023 mwanamke wa takwimu alifika mlangoni kwa bibi Hedwig, akamkuta mtoto wa kiume wa bibi aliyekuja kunywa kahawa, akamuuliza wanaoishi hapa ni wangapi na wiki iliyopita walifanya kazi saa ngapi, naye akajibu, "Mama yangu peke yake, hafanyi kazi," na mama yangu alikuwa amesimama nyuma yake na sinia la kahawa. Alipofika nyumbani alituuliza kama watu wa takwimu walipita na huku, bibi Palaga akasema ndiyo, walipita kwa jirani, na jirani aliwaambia Todosia yuko Austria. Mama akacheka sana. Mimi sikucheka, niliingiwa na hofu ambayo sikujua jina lake, kwamba mtu anaweza kufanya kazi hivyo na asiwe mahali popote.

Mwezi Novemba 2022 bibi Palaga alivunjika nyonga, baba alikuwa Ujerumani, mama alikuwa kwenye zamu, Rareș alikuwa na miaka saba, na mimi niliacha shule mjini Sighet wiki hiyohiyo, ikasemekana ni mpaka Krismasi. Silisemi hili kwa kulalamika, bibi, wewe unajua. Nalisema kwa sababu liko katika historia ya mama, aliporudi alipanga maharage, akafika kwenye mstari wake wa nyumbani, akachukua punje za madoadoa akazisogeza taratibu kwa kidole mpaka mbele yangu, halafu akaondoa mkono, akaniangalia, na mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilitamani azirudishe.

Sasa nafika kwenye ugonjwa. Mama alianza kuvimba miguu mwishoni mwa mwaka 2023, akasema ni ngazi za bibi Hedwig. Mwaka jana alianza kusimama katikati ya njia ya kanisani akijifanya anatazama mlima. Krismasi hii tulikula bila yake, ilikuwa zamu yake, na aliporudi tarehe 4 Januari midomo yake ilikuwa na rangi niliyoiona mara moja tu, kwa mtoto aliyetolewa mtoni. Tarehe 20 Januari nilimpeleka hospitali mjini, nikaingia naye ndani, na daktari, mtu mpole, alimuuliza analala saa ngapi kwa usiku.

"Nane," mama alisema.

"Bila kuamka?"

"Bila kuamka."

"Na mchana unapumzika?"

"Mchana nina saa mbili zangu."

Daktari akasema hilo ni jambo jema, akampa vidonge vya presha na vya kupunguza maji, akamwandikia arudi tarehe 4 Machi kupimwa moyo kwa mashine, na kama angesikia ukweli sijui angefanya nini, labda angemzuia asiondoke, labda hapana, mimi si daktari. Tulipotoka kwenye korido nilimuuliza mama kwa nini amesema nane.

"Nimesema nini?"

"Umesema unalala saa nane."

Alisimama. Watunzaji wote waliopo hapa wanalijua jibu hilo, nane usiku na mbili mchana, ndivyo wakala anavyouliza na ndivyo mnavyojibu, kwa sababu anayejibu vingine huambiwa nyumba ile ni ngumu kwake, na mama alikuwa amelijibu kwa miaka minane, kwa wakala, kwa watoto wa bibi Hedwig, kwa baba kwenye simu, mpaka likatoka lenyewe mbele ya daktari aliyekuwa anataka kumsaidia. "Ndivyo tunavyosema," aliniambia, na nikaona ameogopa, na mama yangu hakuwa mtu wa kuogopa. Nilimwomba turudi ndani. Aliutazama mlango, kulikuwa na watu wengi kwenye mabenchi, akasema, "Tarehe nne nitamwambia vizuri." Tarehe nne ilikuwa jana.

Alirudi kwenye zamu Jumamosi tarehe 1 Februari. Zamu ilikwisha Jumamosi iliyopita, tarehe 1 Machi, Saveta akafika, wakakabidhiana mlangoni, Saveta akambandika kwenye koti uzi mwekundu na mweupe ambao kwetu hubandikwa siku hiyo kukaribisha masika, na koti hilo bado lina uzi, hatukuutoa, amevishwa nao. Akapanda gari la dereva wetu Gavril pamoja na wanawake wengine wa bonde hili, akakaa kiti cha dirishani, na kabla hawajafika mji wa Győr, Hungaria, alikuwa amelala.

Ndugu zangu, hapa naomba nisikilizwe taratibu. Wale wanawake walikuwa naye mpaka hapa getini, na waliposimama Hungaria kununua kahawa mmoja wao alitaka kumwamsha, na mwingine akasema, "Mwache, maskini, ana wiki nne hajalala." Wakamfunika na shali. Zamani mpakani gari lingesimamishwa, kila mtu angeamshwa aonyeshe kitambulisho, lakini tangu Januari hatusimamishwi tena, na wote tulilifurahia jambo hilo. Kwa hiyo alikuja moja kwa moja. Jumapili tarehe 2 Machi asubuhi nilitoka na ndoo ya maziwa, nikaliona gari, Gavril akafungua mlango wa pembeni akasema kwa sauti ya utani, "Todosia, nyumbani, kiti si chako cha kudumu," na mama hakuamka. Daktari wa wilaya aliandika kwamba moyo ulisimama saa nyingi kabla, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Wale waliomfunika shali wako hapa, wanalia pale kando ya uzio, na baba, na bibi Palaga, na mimi tunawaambia mbele ya Padre kwamba hawana kosa lolote, walimfanyia kile ambacho kila mmoja wao angetaka afanyiwe.

Ameacha mume, mama mkwe, na watoto wawili. Jana wanawake walipokuwa wakichambua maharage kwa ajili ya mlo wa leo, kwa sababu Kwaresima imeanza na nyama hailiwi, baba aliingia jikoni, akaketi kati yao, jambo ambalo sijawahi kuliona, akaanza kuchambua, na alipoinuka mbele yake palikuwa na mafungu mawili, meupe peke yake na madoadoa peke yake, na hakuna aliyethubutu kuyachanganya. Yamepikwa katika masufuria mawili. Mtakapokaribishwa mezani mtaelewa kwa nini.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mjini, daktari wa wilaya aliyekuja Jumapili bila kubadili viatu vya nyumbani, majirani waliochimba kaburi ardhi ikiwa bado na barafu, wanawake waliomwosha, waliooka mikate, walioleta taulo za kufunga kwenye misalaba, na wafanyakazi wenzake wa zamu, waliopo na wasiokuwepo. Namshukuru binti wa bibi Hedwig, aliyepiga simu akalia kwa lugha yake nami nikalia kwa yangu. Namshukuru shangazi Lenuța, aliyesimamia kila kitu siku hizi tatu na ambaye hajalala.

Shangazi, kurasa zilizopita ulizisoma. Huu wa mwisho hukuusoma. Mkoba wa mama ulirudi naye. Jumapili mchana shangazi aliufungua, akafua nguo zake za kazi, akazipunguza kiunoni kwa sindano, na jana nilipoufungua nilikuta zimepangwa humo pamoja na sweta yangu na soksi zangu, na mkoba umewekwa karibu na mlango. Nilimuuliza ni za nini.

"Tarehe thelathini unatimiza miaka kumi na minane," alisema. "Saveta amekubali kubaki mpaka mwisho wa mwezi. Nyumba hiyo siwezi kuishikilia zaidi ya hapo, mwanangu, na bibi Hedwig amezoea watu wa kwetu."

"Baba anasema nini?"

"Muulize."

Nilimuuliza baba, akasema, "Tutaona." Tangu hapo naogopa. Naogopa kuliko nilivyoogopa mlango wa gari ulipofunguliwa, kwa sababu lile lilikuwa limeshatokea. Najua shangazi hanitakii mabaya, anafanya kama alivyofanyiwa, na najua kwamba Rareș anahitaji viatu na bibi anahitaji dawa. Lakini naogopa dirisha lile na kiti kile, naogopa siku nitakayoulizwa nalala saa ngapi na nitasema nane bila kujisikia, na kama ningesubiri kulisema hili jikoni, sauti yangu ingefunikwa na za wengine, ndiyo maana nalisema hapa, mama yangu akiwa bado juu ya ardhi.

Mama, umesogezwa kutoka meza hadi meza, sasa pumzika mahali pasipo na zamu, lala usingizi wako mwenyewe, na Mungu akuhesabie saa zako zote, hata zile za usiku.

Neno la mwisho si langu. Saveta alinipigia simu jana asubuhi, akanieleza makabidhiano yalivyokuwa, na Gavril alikuwa amesimama pale na mkoba wa mama mkononi akisikia, yupo hapa, anaweza kuulizwa. Mama alisema dawa nyeupe ni asubuhi na ya bluu ni jioni, alisema bibi Hedwig halali, anaamka usiku kucha, na akasema, "Nilikuwa nawaambia analala, na mimi nalala, wewe usiseme hivyo." Kisha Saveta, akiwa anambandika ule uzi, akamuuliza kwa furaha tu, "Na yule binti yako mkubwa, si anatimiza miaka mwezi huu, unatuletea lini?" Mama alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje. Akageuka, akashika mwimo wa mlango, akangoja pumzi imrudie, akasema, "Huyo hapana, Saveta. Nakukabidhi na hilo, umwambie Lenuța nimelisema mlangoni."